Kikombe Nilichokipitisha Bila Kuonja

Mama Uzoamaka mpendwa,

Sijazoea kuomba ushauri, maana mimi ni mhitimu wa falsafa wa daraja la kwanza, na hoja zangu hazijawahi kushindwa ila na moyo wangu mwenyewe. Jumamosi mji wetu ulimfanyia sherehe Dakta Ifeatu, aliyepewa uhadhiri nilioustahili mimi, nami nikapewa kazi ya kumimina tembo la mchikichi, na kwa kuwa kwetu mmiminaji huonja kwanza ili wageni wajue ni salama, nilikiinua kikombe cha kwanza, ndipo Nkeiru, niliyempenda tangu mwaka wa pili, akapiga magoti kukipokea ampelekee Ifeatu, na shangazi yake akacheka, “Binti, magoti hayo ni ya bibi harusi anayempelekea bwana wake kikombe, angalia usimwage,” nami kwa wivu nikampa bila kuonja. Ifeatu alikunywa, akaanguka, mtungi ukapinduliwa katika vurugu, na hospitali imesema ni sumu, ingawa yu hai. Inspekta Ekpo aliponiuliza kama nilionja, nilimjibu, “Afande, wewe ni mgeni hapa, mila zetu nazijua mimi.” Akaandika kwamba nilionja. Sasa polisi wanasema sumu iliingia baada ya mkono wangu, yaani mkononi mwa Nkeiru, na leo ni siku yake ya nne mahabusu. Sikutia kitu, naapa. Lakini je, kimantiki, asiyetamka uongo anawajibika kwa alichokielewa askari?

Chidubem

Chidubem mwanangu,

Pole. Wivu unauma, na hakuna shahada inayoutibu. Lakini umetanguliza daraja lako, na binti aliyefungwa ukamweka mwisho. Ulijua askari ameelewa nini, ukanyamaza, kwa sababu kukiri hukuonja ni kuutangazia mji wivu wako. Tena jijibu kimya kimya: hukufarijika hata kidogo kwamba hao wawili hawawezi kuonana?

Usimpelekee Nkeiru chakula ukajifanya mwokozi. Mchukue mjomba wako, na wakili mkimpata, nenda kwa Ekpo leo kabla ya adhuhuri, useme maneno mawili: “Sikuonja, afande.” Hapo watarudi kwenye mtungi, wamtafute mgema na vyombo vyake. Huenda wakakushuku wewe. Mmiminaji asiyeonja hushukiwa, na ni haki. Usibishane nao. Kikombe ulichokikwepa Jumamosi bado kimejaa, na anayekinywa kwa niaba yako ni Nkeiru.