Uvimbe Uliokufukuza

Mpendwa Mutua,

Bado nakuita mpendwa kwa ajili ya siku ile uliyotuletea paka mdogo ndani ya kiondo kutoka Ekalakala. Panya walikuwa wakimaliza mahindi ya mama ghalani. Ulimshika paka miguu, nami nikamfunga kamba ili azoee ghala asitoroke. Akanikwaruza mkono wote. Ulicheka, ukasema, "Huyu ni askari kamili, ameanza kushika wenye nyumba."

Baadaye nikashikwa na homa, kwapa likaota tezi kubwa kama yai la kanga. Miaka hii tezi ina jina moja tu, na watu hawalitamki, wanakutazama tu. Shangazi yako akamwambia mama kwamba mbuzi wa ntheo, wale wa kufungua uchumba, wangoje kwanza. Nawe ukaacha kuja kwetu. Jirani akaja na wembe anichanje. Mama akamfukuza, akanipeleka kwa daktari mjini Machakos.

Daktari, mwanamke mpole, alinipapasa shingo, makwapa na kinena. Akauliza kuhusu kikohozi, kukonda, jasho la usiku. Kisha akaona kipele kilichokauka juu ya mkwaruzo.

"Kwenu mna paka?"

"Daktari, mtoto amevimba hivi na wewe unauliza mambo ya paka?" mama akasema.

"Paka mdogo? Ana viroboto?"

Hakubahatisha. Alinipiga picha ya kifua, akaniomba ruhusa apime damu, pamoja na virusi vya UKIMWI, maana tezi ina vyanzo vingi. Majibu yalipotoka akasema dalili zote zinaelekeza kwenye ugonjwa wa mkwaruzo wa paka. Tezi isikatwe; ikijaa usaha, atauvuta kwa sindano. Alinipa dawa ya maumivu, akaniambia nirudi homa isiposhuka au macho yakinisumbua. Mkwaruzo uoshwe kwa sabuni papo hapo, paka aondolewe viroboto, na hakuna haja ya kumuua. Tezi ilinywea yenyewe, polepole, kwa miezi.

Sasa shangazi yako amerudi. Anasema mbuzi wako tayari, ila ungependa kwanza kusikia majibu ya damu kutoka kinywani mwangu.

Ya paka nimekueleza, ya damu sitakwambia. Sina cha kuonea aibu. Nilipokuwa kwenye benchi nikiyangoja, nilijua kwamba yakija vyovyote nitabaki mimi yuleyule. Nilitaka tu mtu wa kuketi kando yangu kabla hayajatoka. Mama aliketi. Wewe ulikuwa kwenu, ukingoja kujua kama ninafaa.

Mbuzi wabaki huko huko.

Aliyekuwa mchumba wako