Maji ya Mshubiri Kwenye Chai ya Mume Wangu

Mpendwa Mshauri,

Nishike mkono, nimekwama. Nina miezi miwili ya ndoa na mume wangu fundi saa, mwanamume ambaye akinitazama nasahau hata nilichobandika jikoni, na kwa kumpenda huko sikutaka augue hata mafua, basi nikamwona mama mkwe, ambaye hutibu watu walioungua, akikata majani ya mshubiri na kuyasimamisha ndani ya bakuli mpaka maji ya manjano yachuruzike, nami nikajua hiyo ndiyo dawa yenyewe, maana ilikuwa chungu ajabu, nikawa nayakinga kwenye chupa na kumtilia mume wangu kijiko kwenye chai kila asubuhi. Yeye hunywa akicheka, "Chai chungu hii, mke wangu, lakini mkono ulioikoroga mtamu." Sasa ni wiki ya tatu anaharisha, misuli inamkaza, na jana vidole vilimtetemeka akaangusha saa ya mteja. Mama mkwe ananiuliza, "Mwanangu, kwani unampikia nini?" Wiki ijayo mume wangu anakwenda kupimwa. Nikisema, si wataniita mchawi, eti nilimpa dawa ya mapenzi? Nimeazimia apone, ila sijui nianzie wapi.

Bi Harusi Mwenye Chupa

Binti yangu,

Anza kwa kuacha hicho kijiko. Mapenzi yako nimeyaona, na haraka yako pia.

Jani la mshubiri lina dawa mbili. Ute wa katikati hupoza ngozi iliyoungua; huo ndio anaoutaka mama mkwe. Maji ya manjano yaliyo chini ya ganda yana aloini, inayosukuma tumbo kwa nguvu. Watu wa zamani walimpa kidogo sana aliyefunga choo, na akina mama waliyapaka kwenye titi kumwachisha mtoto ziwa. Wewe umemnywesha mume kila siku. Kuharisha kumempotezea maji na madini ya potasiamu, na huenda ndiyo sababu misuli inakaza. Mama mkwe alikuwa akiyachuruzisha ayatupe. Ungemuuliza, angekwambia.

Usingoje wiki ijayo. Mwambie mumeo leo, mama yake akiwepo, kisha mwende hospitali nyote na chupa hiyo, daktari aione. Mchawi haendi hospitali na chupa yake mkononi.

Mkirudi, mwandalie chai tupu. Utamu aliousema haukutoka kwenye chupa.