Sigare mbili ku barza ya Muzungu

Élisabethville, siku ya kazi ine, mwezi wa Novemba. Mvula ilianza saa ya soko, haiyaacha. Matope iko mpaka ku mulango. Roho yangu iko vilevile.

Daftari, usinicheke na maandiko. Bamasere ba misheni balinifundisha herufi ya katekisimu, kisha basi. Lakini leo sina muntu wa kuambia. Ule angenisikiliza, miye mwenyewe njo nilimupoteza.

Miye njo Mama Tumbako. Mu soko yote ya site, mutaa yetu bantu beusi, hakuna anafika ku majani yangu. Inatoka Lukafu, ku shamba ya ndugu yangu. Naitundika juu ya moto ya miti, naimwagia maji ya asali, naikunja, naifinya na jiwe miezi mbili. Bengine banauza majani ya kukauka ovyo, sawa ya kufunika nyumba. Miye, apana. Muntu akivuta yangu, anarudi.

Mutoto yangu Anakleti iko boyi, mutumishi ya nyumba, kule mu ville ya bazungu, kwa Muzungu tunaitaka Mikono-Nyuma, ju ya kutembea kwake. Alikuwa boyi. Mukono inaandika «iko» bado.

Asubui polisi alifika pa meza yangu. «Mama Tumbako, acha bintu, tuende. Bwana Mikono-Nyuma anatafuta muntu ya kujua tumbako.» Nilifunga kitambaa ya muzuri. Nilijivuna, nasema kweli. Niliwaza: sasa hata bazungu banajua jina yangu.

Ku barza ya nyumba yake kulikuwa bazungu babili, Mikono-Nyuma na mugeni wake muzee. Anakleti alisimama nyuma yabo, nguo nyeupe, sahani mu mukono. Kuniona tu, akatazama miguu yake. Bwana wake hakujua kama ule ni mutoto yangu. Nikanyamaza. Pa kazi ya mutoto, mama haleti kelele.

Nilielewa mambo kidogo kidogo. Pa meza kulikuwa sigare, zile sigara munene za bazungu, sanduku mbili: moya ya zamani, moya mupya. Mugeni alivuta ya sanduku ya zamani, akasema hii haitoke mbali, balikubadilishia. Na Mikono-Nyuma alikuwa anavuta ile sanduku mwezi muzima, hakusikia kitu! Haya ilimushika mbele ya mugeni. Njo alitaka shahidi.

«Vuta hii, kisha ile. Semea miye: ya mbali, ao ya hapa?»

Nilianza na ya sanduku mupya. Nilinusa bila moto: harufu ya kabati ya kanisa. Nilifinya na bidole: inarudi polepole, haivunjike. Ngozi ya inje laini, hakuna mushipa. Majivu meupe, inashika mpaka urefu ya kucha mbili mbele ya kuanguka. Moshi inaanza tamu, katikati inageuka kahawa ya kuungua, ku mwisho inakausha koo. Ni muzuri, sibishe. Lakini ilikaa sana mu safari. Ilichoka.

Kisha ya pili. Pete ya karatasi ya zahabu, ileile. Nilivuta mara moya.

Ilikuwa yangu.

Asali, moshi ya miti ya kwetu, na ule uchungu mudogo nyuma ya ulimi. Ni sawa kusikia sauti ya mutoto yako kati ya bantu mia. Nikakumbuka: mwezi ilipita, Anakleti aliniomba majani ya katikati, ile ya muzuri, ati ya kupelekea baba mukwe. Bongo, uongo mutupu! Yeye na barafiki balivuta sigare ya Bwana, kisha akakunja majani yangu vile nilimufundisha, akaivalisha pete.

Nilijua. Nilijua vilevile fimbo na boloko, gereza ya bazungu, binamungoja. Nikasema, uso kavu: «Zote mbili ni za mbali, Bwana. Ni ndugu.»

Anakleti akapumua. Nilisikia.

Ingeisha pale.

Lakini Mikono-Nyuma akaponda ile ya pili mu kisahani. «Basi, si hapa mu nyumba, ni ku duka balinidanganya. Hii ni majani ya mbuzi.» Na mutoto yangu, mupumbafu ule, ju ya kumufurahisha, akacheka: «Ndiyo Bwana, ya mbuzi kabisa. Inanuka.»

Sikuwaza. Kinywa ilienda yenyewe.

«Inanuka? Weye Anakleti! Hii majani njo ilikulisha, njo ilikusomesha, njo ilikuolea Sabina! Mbuzi ni weye!»

Kicheko ya Anakleti ikakatika. Ikabaki paka mvula tu ku mabati.

Mikono-Nyuma alinitazama, akamutazama yeye. «Anakleti, huyu ni mama yako?» Alisema polepole, bila hasira. Njo niliogopa.

«Ndiyo, Bwana.»

Polisi akapanda ngazi. Anakleti aliweka sahani pa meza vizuri, sawa siku zote. Kupita karibu yangu, alisema paka hii tu: «Mama, ilikuwa imekwisha.»

Sasa Sabina, bibi yake, iko hapa kwangu na batoto batatu, ju ile nyumba yabo ilikuwa ya kazi, Bwana aliichukua. Hakunitukana. Ningependa anitukane, nimurudishie. Alisema: «Mama, kunyamaza kulikuwa nguvu vile?» Kisha akageukia ku ukuta. Miye mwenye kujibu bantu bote mu soko, nikafunika batoto na kitambaa.

Na kuko jambo moya sitaambia hata padri. Kurudi, mu mvula, sikuwaza Anakleti. Niliwaza ule Muzungu: mwezi muzima alivuta tumbako ya Lukafu, akafunga macho, akafurahi. Nikacheka kidogo mu njia. Miye, mama ya Anakleti.

Kesho asubui batamupiga fimbo mu lupango, ule uwanja ya boloko. Benye kungoja inje banasikiaka yote, banahesabu fimbo. Nitapika bukari ya unga ya muhindi, nitasimama pale ku mulango na sahani. Sitagombeza polisi. Sitamugombeza Anakleti, sitamugombeza Mungu. Nitafunga kinywa.

Lakini sasa itamusaidia nini?