Mahindi ya Paskalina na Ubao wa Mawimbi

Mpendwa mshauri Evarista, naomba unisaidie maana hapa nilipo sina wa kumwambia, mimi ni fundi wa bampa za faiba hapa Soweto, Mbeya, kwetu ni Matema, na ziwani kwetu upepo ukivuma mawimbi yanakuja makubwa na wageni wanaulizia mbao za kutelezea juu yake, basi nikaona nitengeneze mwenyewe, nikachonga povu gumu la majokofu mabovu nikalivisha faiba na gundi, ila ili faiba ishike vizuri lazima ubao uingie kwenye mfuko na hewa yote inyonywe, na mifuko ya kazi hiyo inaagizwa nje, bei yake haishikiki, kwa hiyo nikatafuta vya hapahapa, kunyonya hewa nikatumia kompresa ya jokofu, ndani nikatandika blanketi ili hewa ipate njia, kingo nikaziba kwa ule mpira laini wa vioo vya magari, vyote vikakubali, lakini nailoni ya dukani kila nikijaribu inavuja, ndipo nikakumbuka mifuko isiyopitisha hewa ambayo mke wangu Paskalina alihifadhia mahindi aliyolima kwao Ismani, Iringa, nikayamwaga kwenye viroba vya kawaida, mifuko nikaichana nikaiunganisha, na mshauri, ubao ulitoka safi sana, hata picha nilipiga nao, sasa dumuzi wameingia kwenye viroba, nusu ya mahindi ni vumbi, na Paskalina amechukua mtoto amerudi kwao Iringa, kaniambia, "We baki na ubao wako, ukiwa na njaa uutafune," sasa mifuko imeisha na nina ubao wa pili, nitumie nini cha bei nafuu, na huyu mwanamke nimfanyeje?

Asukile, Soweto.

Asukile,

Nimesoma barua yako nikimtafuta mkeo, nikamkuta mwishoni kabisa, nyuma ya blanketi. Pole kwa kubaki peke yako, hiyo naitoa kwa moyo. Pole yangu inaishia hapo.

Wewe ni fundi wa namna gani? Unahangaika kutwa hewa isiingie kwenye ubao, hukujiuliza hata kidogo kwa nini Paskalina aliizuia isiingie kwenye mahindi. Dumuzi unawajua, hukuzaliwa Ulaya. Mwenzako kapalilia Ismani kwenye jua lile, wewe ukamwaga chakula cha mtoto ili ukapige picha. Halafu unamwita "huyu mwanamke". Nimekasirika, sikufichi.

Nailoni inavuja kwa sababu unanunua nyepesi. Duka la vifaa vya ujenzi wanayo nzito, ile wanayotandaza chini kabla ya kumwaga zege. Chukua kipande kizima kisicho na kiungo, na usiache ncha kali za faiba zikakitoboa. Ungeuliza jirani yako fundi ujenzi, angekujibu huku anakunywa chai.

Lakini ubao wa pili usubiri. Ule wa kwanza uuze, na usinieleze unavyoupenda. Nunua mahindi makavu na mifuko mipya, ya kuhifadhia mahindi, sikiliza vizuri. Yapeleke Iringa mwenyewe. Ukifika kwa wakwe usianze habari za mawimbi. Omba radhi mbele ya mama mkwe, useme ulichofanya bila kukipamba. Wakikunyamazia, shika jembe uende nao shambani.

Na Paskalina akikataa kurudi, mahindi yaache hapohapo. Ni chakula cha mtoto wako, si nauli ya kumrudishia mke.