Jioni ya Mumbuni

Dadangu Zuhura,

Mwalivumiliaje joto la Mombasa? Huku Machakos nalala na sweta. Jana mama mkwe wa Salma wetu alinialika kwao Mumbuni: “Kuja jioni tukule.” Nikaswali magharibi kwanza, nikajitanda leso, nikaenda. Nikakuta muthokoi wao, mahindi ya kukoboa na maharagwe, umeshapoa, na nyumba nzima haijaonja kitu tangu saa kumi, wananingoja mimi.

“Tulisema jioni,” akaniambia.

“Na jioni si ndiyo hii? Saa kumi ni alasiri.”

“Huku jua likishapita kichwani ni jioni.”

Sikuomba radhi, wanijua. Nikala sahani mbili, kisha nikamwalika leo kwa Salma, alasiri, aje ale samaki wa kupaka. Saa saba ashafika, na samaki hata chumvi sijamtia.

“Hiyo alasiri yako siijui,” akasema. “Nimekuja tuingojee pamoja.”

Nimempa vitunguu akate. Neno langu sibadilishi.

Nibusie mama. Mwambie namkumbuka kila jioni, ile ya kwetu, jua likizama.

Nduguyo,
Mwanaidi