Simu Mpe Mama

Abdinasir, nimeenda kufungua duka. Mchemshie Mama maziwa, na chaji simu kabla stima haijapotea.

Leo asubuhi yule daktari wa Nairobi alimuuliza Mama kwa simu, "Unaumwa kiasi gani?" Ukadakia wewe: "Mama ni mvumilivu, hana neno." Basi dawa ikabaki ileile, na saratani inamtafuna. Marehemu Baba pia ulimjibia hivyo hivyo.

Nimechoka, walaal, ndugu yangu. Nimegombana na kila ofisi hapa Garissa tupate huyu daktari wa maumivu, kumbe ofisi ngumu kuliko zote iko sebuleni kwetu.

Daktari atapiga tena alasiri. Simu mpe Mama. ~~Wewe toka nje.~~ Kaa karibu, umshike mkono, unyamaze. Akilia, mwache daktari asikie.

Dada yako mkubwa