Chai Iliyochelewa

Mwanangu mpenzi, kifungua mimba wangu,

Pokea salamu zangu mimi mama yako. Hujambo? Kifua bado kinakubana? Unakula, au unashinda na maji tu? Sisi hatujambo. Baba yako anakusalimu, goti linamsumbua ila mdomo ni mzima. Bibi yako anakusalimu na anauliza utaolewa lini, nimemwambia akuulize mwenyewe. Mdogo wako wa kiume anakusalimu. Kitinda mimba anakusalimu, meno ya mbele yameota na sasa anang'ata mpaka ndoo. Hata jirani yetu fundi cherehani kasema nisimsahau. Haya, sijamsahau.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, neno moja moja, siku mbili. Uliposema unataka kuchoma daftari lako la vipimo ili usahau ile kazi, nililia. Kisha nikapandwa na hasira, maana mimi sijasahau. Siku Mkurugenzi wetu alipokuita mwongo mbele ya ofisi nzima nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Miaka mitatu unasoma ile nguzo ya kupimia maji, unaandika kwamba kina cha bahari kinapanda, kumbe mwenzio anauza viwanja vya ufukweni na shemeji yake! Akakufukuza, halafu akanigeukia na kuniambia chai ina sukari nyingi.

Basi Jumamosi iliyopita aliwaalika wanunuzi kulekule viwanjani. Hema kaliweka chini kabisa, karibu na mchanga, eti wapate upepo. Akaniagiza chai iwe tayari saa tisa alasiri, watu wakishakunywa ndipo waweke sahihi. Akawahutubia kwamba mabadiliko ya tabianchi ni maneno ya watu wanaotafuta safari za ndege, bahari haijapanda hata kidole. Mwalimu mmoja mstaafu, mama mwenye miwani, akamuuliza vipi kuhusu joto la dunia na barafu inayoyeyuka huko mbali. Akamjibu kwamba barafu, bibi, ni ya kuweka kwenye juisi. Watu wakacheka.

Saa tisa ikapita. Akatuma mtu kuulizia chai, nikasema gesi inasumbua. Saa tisa na nusu akaja mwenyewe, jasho linamtiririka, akaniuliza kama nimelogwa. Nikamwomba bosi wangu avumilie kidogo.

Saa kumi na robo maji yakaingia. Hayakupiga kelele. Yalipanda polepole, yakavuka ule ukuta mfupi wa ufukweni, yakafunika miguu ya viti. Mwanzoni walitania. Halafu mikataba ikaanza kuelea. Mkurugenzi akapanda mezani, viatu mkononi, akiwaambia ni wimbi tu, litarudi. Wapi! Yule mwalimu, gauni amelikunja magotini, akamuuliza kwa sauti kubwa hicho kidole chake kina urefu gani. Hakuna aliyeumia, nashukuru Mungu.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata baba yako halijui. Gesi ilikuwa nzima. Chai ilikuwa kwenye chupa tangu saa nane na nusu. Yale makaratasi uliyobandika jikoni, angahewa, hewa ukaa, gesijoto, bamvu, nimekuwa nikiyasoma nikiosha vyombo. Na lile jedwali la maji kujaa na kupwa pia. Jumamosi ile ulikuwa umeizungushia wino mwekundu: bamvu, maji makubwa kuliko yote mwaka huu, saa kumi na robo. Ofisini tangu uondoke hakuna anayelitazama jedwali. Kwa hiyo niliwakalisha pale na njaa zao, mwanangu, nikisubiri bahari ije imjibu. Ningepaswa kuona haya. Sioni.

Wanunuzi wamemtaka Mkurugenzi Jumamosi ijayo kwenye ukumbi wa mtaa, aeleze kwa nini alikufukuza. Mwalimu anataka daftari lako lisomwe, na alisome Mkurugenzi mwenyewe, kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa. Nami nataka nimwone akilisoma. Usilichome, nakuomba kwa maziwa niliyokunyonyesha.

Wasalimie wote unaokaa nao. Nijibu upesi, leo hii ukiweza, uniambie kama daftari bado lipo. Mlango wa ukumbi ni mmoja, na nimeshamwomba mwenye funguo aniachie mimi, asitoroke mtu kabla ya ukurasa wa mwisho.

Ni mimi mama yako mzazi,
mpika chai